Leza, Plazma na Protoni: Ni Nini Hasa Kinachosukuma Ioni?

Habari huja hivi: watafiti wamepiga leza kwenye kipande cha foili, protoni zimechomoka upande wa pili zikiwa na nishati ya kuua saratani, na siku si nyingi mtambo mzima utatosha juu ya meza. Nimeisoma habari ya namna hii mara nyingi tangu niingie mwaka wa pili wa fizikia. Kinachobadilika ni namba tu, na namba kila mara inapanda. Na kila ikipanda, kuna mtu kwenye vimbweta ataniuliza: sasa mbona hospitali hazinunui?

Swali ni zuri. Aliyeniuliza mara ya mwisho ni dada mmoja anayesoma tiba ya mionzi, mtu ambaye akimaliza chuo atakuwa anaita majina ya wagonjwa kwenye foleni ya mashine. Kwake si swali la kupotezea muda. Jibu lake haliingii kwenye sentensi mbili za kusimama koridoni, ndiyo maana nimeomba kurasa hizi. Wa sheria na wa fasihi msikimbie; hesabu zilizomo humu ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Tuanze na mpigo wenyewe

Leza ninayoisema si ile ya kuonyeshea slaidi ukumbini. Chukua mfano wa DRACO, iliyoko kwenye kituo cha utafiti cha Helmholtz mjini Dresden, Ujerumani. Mpigo wake mmoja unaifikia shabaha ukiwa na nishati ya jouli 20 hivi. Jouli 20 ni kazi ya kunyanyua mfuko wa sukari wa kilo 2 mita 1 kutoka sakafuni. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Kinachotisha ni muda. Mtoto atanyanyua mfuko kwa sekunde moja. Leza inatoa nishati hiyohiyo kwa femtosekunde 30. Femtosekunde 30 zikiwekwa mbele ya sekunde moja ni kama sekunde moja ikiwekwa mbele ya miaka milioni 1. Mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeizunguka dunia mara saba na nusu, ndani ya femtosekunde 30 unasafiri mikromita 9 tu, pungufu ya unene wa unywele. Gawanya jouli 20 kwa muda huo: unapata karibu wati trilioni 700. Sasa zibane wati hizo kwenye doa lenye upana wa mikromita chache. Ukali unapita wati 10²⁰ kwa kila sentimita ya mraba.

Namba kama hiyo haina ladha mpaka uilinganishe na kitu. Kusanya mwanga wote wa jua unaoiangukia dunia kwa wakati mmoja, bahari, jangwa, Kariakoo na kila kitu, halafu uuminye wote kwenye kiraba chenye upande usiofika nusu milimita. Ndiyo 10²⁰.

Mwanga mkali namna hiyo ungeiunguza leza yenyewe kabla haujatoka. Njia ya kuukwepa mtego huo ilipatikana mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, na Donna Strickland pamoja na msimamizi wake Gérard Mourou. Kwanza unaurefusha mpigo maelfu ya mara ili ukali wake ushuke. Unaukuza ukiwa umenyooshwa hivyo, taratibu, bila kuumiza vioo. Mwishoni unaukunja tena uwe mfupi. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Wakati wa kazi ile Strickland alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, na hiyo ilikuwa makala yake ya kwanza ya kisayansi. (Wanaosubiri uprofesa ndipo wachapishe, mmesikia.)

Mwanga hausukumi ioni

Hapa ndipo wengi wetu tunapita tukikimbia. Tunasema "leza inachapua ioni" kana kwamba mwanga unaipiga ioni teke. Sivyo.

Sehemu ya mbele ya mpigo ikigusa foili, atomu zinanyang'anywa elektroni zake. Foili inageuka plazma, mchanganyiko wa elektroni zilizo huru na ioni, yaani atomu zilizobaki na chaji chanya. Plazma ndiyo hali ya jua, ya radi, na hata ya ndani ya taa ile ndefu ya darasani. Sasa sehemu kali ya mpigo inafika. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, na uga wake wa umeme unazitikisa chaji zote zilizopo. Lakini elektroni ni nyepesi. Ukali ukipita 10¹⁸ hivi, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 1, elektroni inafikia karibu kasi ya mwanga ndani ya nusu ya mtikisiko. Protoni ni nzito kuliko elektroni mara 1836. Katika nusu mtikisiko huo huo haijafanya lolote la maana. Ili mwanga uitikise protoni kama unavyotikisa elektroni, ungehitaji ukali unaozidi 10²⁴. Ukali mkubwa kabisa uliotangazwa, mwaka 2021 huko Gwangju, Korea Kusini, ni 10²³ na kidogo. Hatujafika.

Kwa hiyo kinachotokea ni mchezo wa hatua mbili. Mwanga unazisukuma elektroni mbele, zinaipenya foili na kutokea upande wa nyuma. Chache zinatoroka moja kwa moja. Zinazobaki zinarudishwa na mvuto wa foili, ambayo sasa ina upungufu wa chaji hasi. Zinarudi, zinatoka tena, zinarudi. Nyuma ya foili kunakuwa na wingu la elektroni, na kati ya wingu hilo na uso wa foili kuna uga wa umeme. Ni huo uga unaozivuta ioni. Mwanga umeiibia ioni elektroni zake, na ioni inatoka mbio kwenda kudai.

Uga huo una ukubwa gani? Hesabu yake ni fupi. Kwa ukali wa 10²⁰, elektroni zinapata nishati ya takribani elektronivolti milioni 2, tunaandika MeV 2. Wingu lina unene wa kama mikromita 1. Volti milioni 2 kwenye umbali wa mikromita 1 ni volti trilioni 2 kwa mita. Mitambo ya kawaida ya kuchapua chembe, ile ya mabomba ya chuma na mawimbi ya redio, inaishia kwenye makumi ya mamilioni ya volti kwa mita, maana zaidi ya hapo chuma chenyewe kinaanza kupiga cheche. Plazma haiogopi cheche. Imekwisha kuvunjika tayari, huwezi kuivunja tena. Huo ndio msingi wa matumaini yote: kinachohitaji makumi ya mita huku, kule kinahitaji mikromita.

Ugomvi wa mwaka 2000

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ni mfano mzuri wa namna hoja inavyoamuliwa kwenye maabara kuliko mingi tuliyofundishwa.

Mwaka 2000 makundi matatu yalitangaza kwamba yamepiga leza kwenye foili na kuona protoni zenye nishati ya mamilioni ya elektronivolti. Moja lilikuwa Livermore, California, likitumia leza ya petawati iliyojengwa kwenye mtambo mkubwa wa Nova. Lilifikia MeV 58. Jingine lilikuwa Uingereza, kwenye leza ya Vulcan. La tatu lilikuwa Chuo Kikuu cha Michigan.

Jambo la kwanza la kushangaza: protoni ni kiini cha haidrojeni, na baadhi ya foili zile zilikuwa za dhahabu. Dhahabu haina haidrojeni. Zilitoka wapi? Zilitoka kwenye uchafu. Foili yoyote uliyoishika na kuiweka kwenye chemba, hata baada ya hewa kunyonywa, inabaki na utando wa nanomita chache wa mvuke wa maji na mafuta. Utando huo umejaa haidrojeni. Na kwa kuwa protoni ndiyo ioni nyepesi kuliko zote kwa kila chaji iliyobeba, ndiyo inayotangulia kuondoka, na ikishaondoka inazikinga zilizo nyuma yake zisiuone uga vizuri. Sehemu kubwa ya taaluma hii ilianza kwa vumbi na mafuta, na sioni aibu kulisema hilo.

Jambo la pili lilikuwa ugomvi wenyewe. Uchafu uko pande zote mbili za foili. Je, protoni zinatoka uso wa mbele, pale mwanga unapopiga, au uso wa nyuma? Makundi hayakukubaliana. Walioona ni mbele walikuwa na sababu, kwani hata mbele elektroni zikisukumwa ndani ioni zinafuata. Livermore walisema ni nyuma. Majaribio ndiyo yaliyoamua. Walipiga shabaha yenye umbo la kabari, ambayo nyuma yake ina nyuso mbili zilizoelekea pande tofauti. Kama protoni zinatoka mbele, ungetegemea boriti moja. Zilitoka boriti mbili, kila moja ikiwa wima juu ya uso wake wa nyuma. Kisha mwaka 2002, huko Ufaransa kwenye maabara ya LULI, foili zilipashwa moto kwanza ili uchafu uondoke. Protoni zilipotoweka, ioni nzito zaidi zilipata nafasi: florini iliyopakwa upande wa nyuma ilitoka ikiwa na nishati hadi MeV 100. Umeondoa wadai wa mbele, wa nyuma nao wamelipwa.

Mbele haikukosa kila kitu. Kuna hali ambazo uso wa mbele unachangia. Lakini kwa foili za mikromita kadhaa na leza za wakati ule, uso wa nyuma ulishinda.

Namba ya juu ni ya nani?

Sasa turudi kwenye vichwa vya habari. Unaposoma "MeV 58" au "MeV 94" au "MeV 150", unasoma nishati ya protoni zilizofika mbali kabisa. Ni sawa na mtu akuulizie matokeo ya mtihani wa darasa zima, wewe umtajie alama ya yule aliyeongoza, kisha ukae kimya.

Uga wa nyuma ya foili haufanani kila mahali. Katikati ni mkali, pembeni ni hafifu, na unapungua kadiri elektroni zinavyotawanyika na kupoa. Protoni iliyokuwa juu kabisa ya utando, katikati ya doa, inakula mkate wote. Iliyo chini yake inapata mabaki. Matokeo yake ukichora idadi ya protoni kwa kila nishati, mchoro unaanza juu sana upande wa nishati ndogo, unashuka kwa kasi, na unakatika ghafla kwenye ile namba ya gazetini. Pale mwisho protoni ni chache mno. Na zote hazitoki kwenye mstari mmoja; zinatawanyika kwenye koni yenye upana wa makumi ya nyuzi.

Hilo lina maana gani kwa daktari? Faida ya protoni dhidi ya eksirei ni pale zinapoishia. Eksirei inaacha nishati njiani kote, inaingia na kutoka upande wa pili. Protoni inaacha kidogo njiani, inaachia fungu kubwa karibu na mwisho wa safari yake, kisha inasimama. Tabia hii iligunduliwa na William Bragg mwanzoni mwa karne iliyopita, akichunguza chembe za alfa, na Robert Wilson akapendekeza itumike hospitalini mwaka 1946. Umbali unategemea nishati. Ndani ya maji, ambayo ni kama mwili, protoni ya MeV 60 inasimama kwenye sentimita 3. Ya MeV 150 inafika karibu 16. Ya MeV 200 inafika 26. Kwa hiyo kutibu jicho na kutibu tezi dume ni mitambo miwili tofauti kabisa kwa nishati.

Fanya hesabu hii na mimi. Dozi inapimwa kwa grei: grei 1 ni jouli 1 iliyoachwa kwenye kilo 1 ya mwili. Dozi ya kawaida ya siku moja ni grei 2. Uvimbe wa gramu 100 unahitaji basi jouli 0.2. Protoni ya MeV 100 imebeba jouli 1.6 × 10⁻¹¹. Gawanya: protoni bilioni 12 na nusu, na hiyo ni hesabu ya chini, kwa sababu kila protoni inaacha sehemu ya nishati yake njiani. Mpigo mmoja wa leza kubwa umewahi kutoa protoni zaidi ya trilioni. Ukiishia hapo utasema tatizo limekwisha, tena na chenji imebaki.

Halijaisha. Nyingi kati ya hizo ni za nishati ndogo, na protoni ya MeV 10 inasimama kwenye milimita 1 na kidogo. Ukiiachia boriti nzima imfikie mgonjwa, umemchoma ngozi kabla hujaugusa uvimbe. Lazima uweke sumaku za kuchagua dirisha dogo la nishati na kutupa zilizobaki. Namba ya maana kwa dada yetu wa tiba ya mionzi ni hii: protoni ngapi ziko ndani ya dirisha analolitaka, na je, mpigo ujao utatoa idadi ileile?

Mpigo wa pili

Foili ikipigwa inalipuka. Mpigo wa pili unahitaji foili mpya, iwekwe mahali palepale kwa usahihi wa mikromita chache. Watafiti wanatumia utepe unaoviringishwa, utando wa maji, hata mtiririko mwembamba wa haidrojeni iliyogandishwa. Kila kimoja kina usumbufu wake.

Halafu kuna mwanga unaotangulia. Leza haitoi mpigo safi. Kabla ya kilele kuna mwanga hafifu unaovuja. Kama kilele ni 10²⁰ na kilichovuja ni sehemu moja tu kwa milioni mia, bado ni 10¹², unatosha kuigeuza foili kuwa plazma kabla mgeni rasmi hajafika. Uso wa nyuma ukishavurugika, uga unadhoofika na protoni zinapungua. Dawa mojawapo ni kioo cha plazma: kipande cha kioo kinachoupitisha mwanga hafifu, lakini kilele kikifika kioo kinageuka plazma papo hapo na kuurudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Kipande hicho nacho kinaungua kila mpigo.

Mabadiliko madogo ya mwanga huo unaotangulia, ambayo kipimo cha kawaida cha leza kinaweza kisiyaone, yanabadilisha protoni zinazotoka. Mtambo wa hospitali unatakiwa kujua dozi kwa usahihi wa asilimia chache, kila siku, kwa kila mgonjwa. Hapo ndipo pengo lilipo. Ukitazama rekodi za nishati tu hutaliona.

Na rekodi zenyewe zimepanda, sitaki kuzidharau. Mwaka 2018 kundi lililotumia leza ya Vulcan lilitangaza protoni zilizopita MeV 94. Mwaka 2024 watu wa Dresden walitangaza MeV 150 kwa leza ya jouli 22 tu. Linganisha na Livermore waliohitaji jouli mia kadhaa kufika 58. Ufundi wao unapendeza. Badala ya kuupiga vita mwanga unaotangulia, waliutumia. Foili yao ya plastiki, nyembamba kuliko mikromita 1, inapashwa na ukingo wa mbele wa mpigo, inavimba, inapungua msongamano, na kilele kinapofika tu foili inakuwa imeanza kuupitisha mwanga. Mwanga unaingia ndani na kuongeza nguvu kwa elektroni katika hatua zinazofuatana, na protoni zinafaidi kila hatua. Muda ukikosewa kidogo, mambo yanaharibika.

Ukiniuliza mimi, hata hivyo, jambo kubwa zaidi la Dresden lilitokea mwaka 2022, na halikuwa na rekodi ya nishati. Walichukua protoni za leza, wakazichuja na kuzikusanya kwa sumaku, wakapima dozi, kisha wakazielekeza kwenye uvimbe mdogo ulioota kwenye sikio la panya. Wakalinganisha na panya waliotibiwa kwa protoni za mtambo wa kawaida. Hii ilihitaji leza kufanya kazi siku baada ya siku, dozi ileile, na mnyama hai akisubiri. Kwa macho ya gazeti ni sikio la panya. Kwa macho ya hospitali ndiyo mara ya kwanza mtu alijibu swali la mpigo wa pili badala ya swali la mpigo mkubwa.

Sababu nyingine ya kuendelea nayo ni muda wa dozi. Protoni za leza zinafika kwa kishindo kimoja kifupi, ilhali mtambo wa kawaida unazigawa kidogo kidogo. Tangu 2014 kuna majaribio ya wanyama yanayoonyesha kwamba dozi inayotolewa kwa kasi kubwa mno inaweza kuumiza kidogo tishu nzima huku ikiudhibiti uvimbe vilevile. Leza ni chombo kizuri cha kulichunguza hilo hata kama haitamtibu mtu kesho. Tena protoni hizi tayari zinafanya kazi nyingine: zinapitishwa kwenye plazma nyingine ili kupiga picha ya uga wa umeme ndani yake, na huko hakuna mgonjwa wa kudai usahihi wa asilimia chache.

Kuhusu "juu ya meza", nitasema machache. Foili inatosha juu ya meza. Leza inajaza ukumbi. Na kuta nene za zege zinazomkinga mhudumu na mionzi zinategemea nishati na wingi wa chembe. Hazijali chembe zilichapuliwa kwa foili au kwa sumaku. Barani kwetu tiba ya protoni ilianza mwaka 1993 karibu na Cape Town, kwenye kituo kinachoitwa leo iThemba LABS, kwa mtambo wa MeV 200 ambao hauna leza ndani. Mtu akija leo Dar es Salaam au Nairobi kuuza leza ya protoni ya kutibia, msimuulize nishati ya juu. Mwombeni mchoro wa mipigo 1000 iliyofuatana.

Kwa anayetaka kuingia

Huwezi kununua leza ya petawati kwa boom. Lakini sehemu kubwa ya fizikia hii inasomwa kwanza kwenye kompyuta, na programu zake ni za bure: EPOCH kutoka Warwick, Smilei kutoka Ufaransa, WarpX kutoka Berkeley. Zinafanya jambo moja: zinagawanya nafasi kuwa vyumba vidogo, zinajaza chembe, zinakokotoa uga, zinazisogeza chembe, zinarudia. Mifano mikubwa inahitaji kompyuta za ukumbi mzima. Ya mwelekeo mmoja inakwenda kwenye laptopu ya kawaida ukiiacha usiku, mradi umeme usikatike.

Anza na foili ya mikromita 2, upande wa nyuma uiwekee utando mwembamba wa haidrojeni, piga kwa mpigo wa femtosekunde 30 wenye ukali wa 10²⁰. Chora elektroni na protoni kwenye picha moja, kila baada ya femtosekunde 10. Utaziona elektroni zikitoka kwanza, wingu likijengeka, na protoni zikiwa bado zimeganda. Halafu ukingo wa utando unaanza kunyanyuka. Nilipoiona mara ya kwanza niliirudisha nyuma mara tano. Kumbuka kwamba kwenye mwelekeo mmoja elektroni hazina pa kutawanyikia pembeni, kwa hiyo uga unakaa muda mrefu kuliko uhalisia na nishati ya mwisho itakuwa imezidi. Usiitangaze kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Ukimaliza, ondoa utando wa haidrojeni, acha kila kitu kingine kilivyo, uone ni ioni gani inayochukua nafasi. Kisha urudishe, punguza unene wa foili kwa nusu mikromita, na chora tena idadi ya protoni kwa kila MeV, mchoro mmoja juu ya mwingine.